Mafuta ya alizeti yameshuka njiani kutoka Singida: nimeibiwa au kuna sayansi hapa?

#1 MamaAlizeti
Wakuu, habarini. Naombeni msaada kabla sijamdhulumu mtu.

Ninauza mafuta ya alizeti Arusha, nanunua Singida msimu huu wa kukamua. Jumanne nilisimama mwenyewe mashineni nikashuhudia madumu 12 ya lita 20 yakijazwa hadi shingoni. Mafuta yalikuwa yametoka kwenye mashine muda huo huo, ya moto, dumu hulishiki kwa kiganja muda mrefu. Nikafunga vifuniko kwa mkono wangu. Kijana anayenibebea akaondoka saa kumi na moja jioni, akapita Katesh na Babati, akashusha usiku ule ule. Mimi nikafuata na basi kesho yake.

Alhamisi asubuhi nafungua, yote yameshuka. Vidole viwili, mengine vitatu, chini ya pale nilipoyaacha. Yote 12! Kijana anaapa alisimama Katesh tu kunywa chai. Nimemzuilia ujira wake mpaka nielewe. Ana miaka mitatu ananibebea mzigo na sijawahi kumkuta na kosa, lakini hapa nimeona kwa macho yangu.

Ni yeye, au kuna jambo silijui?

#2 Kibo10
Pole dada. Umeibiwa, wala usijisumbue. Vidole vitatu mara madumu 12, hapo kuna nusu dumu limeuzwa Katesh. Chai gani hiyo ya usiku?

#3 Msafirishaji_Kati
#2 usimhukumu mtu usiyemjua. Nimebeba mafuta barabara hiyo miaka mingi. Mwizi wa mafuta anataka haraka: anafungua dumu moja au mawili, anachota, anafunga, anaondoka. Nani atakaa kwenye baridi ya Katesh usiku kufungua madumu 12, achote vidole viwili viwili kila moja, asimwage hata tone? Kushuka kwa usawa namna hiyo ndiko kunakomtetea kijana.

#4 Kibo10
Au ndiyo ujanja wenyewe. Akichota dumu moja utajua, akichota kidogo kidogo hutajua.

#5 TichaKemia
Mama, tuliza moyo kwanza. Jibu lako linafundishwa Kidato cha Kwanza kwenye mada za mwanzo kabisa za fizikia, kipimo na densiti (yaani lita moja ya kitu ina gramu ngapi), halafu watu wanaliacha darasani.

Mafuta yakipata joto yanatanuka, yakipoa yanasinyaa. Lita moja ya mafuta ya alizeti kwenye nyuzi 20 ina tungamo la gramu 920 hivi. Ukiyapasha, kila nyuzi moja inayoongezeka inapunguza kama gramu 0.68 kwenye hiyo lita. Tuseme yalitoka na nyuzi 55. Hapo lita moja ni gramu 896 tu. Asubuhi ya Arusha mwezi huu ni baridi, tuseme mafuta yamefika nyuzi 16, lita sasa ni gramu 923.

Mafuta ni yale yale, hakuna aliyeyagusa, ila yamejikusanya. Dumu lililojazwa shingoni likiwa na lita 20.8 za moto litabaki na lita 20.2 zikipoa. Zimepotea lita 0.6, na hazikwenda popote.

Halafu angalia dumu lilivyo. Juu ni jembamba: shingo, mabega, na ule mpini ambao nao una tundu ndani. Zile lita 0.6 zikitoka sehemu nyembamba, usawa unashuka sana. Zingekuwa kwenye ndoo pana usingeona kitu.

#6 Kibo10
Ticha, maji ya kuoga nikiyachemsha nikayaacha yapoe mbona ndoo haipungui?

#7 TichaKemia
Yanapungua mkuu, huoni kwa sababu ndoo ni pana, na maji hayatanuki kama mafuta. Kutoka nyuzi 55 hadi 15 maji yanasinyaa kama asilimia 1.3. Mafuta ya kula kwenye kiwango hicho hicho ni zaidi kidogo ya mara mbili yake. Jaribu kwenye chupa yenye shingo ndefu, sio ndoo.

#8 Mzee_wa_Nyanda
Mnasahau kitu. Singida na Arusha haziko kimo kimoja. Ukibadilisha kimo uzito unabadilika, ndiyo maana mafuta yameshuka.

#9 FundiMizani
#8 hapana mzee wangu. Singida iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari na Arusha mjini ni kama 1,400. Tofauti hiyo haigusi mizani yoyote ya sokoni. Na hata ingegusa, ingebadilisha uzito, isingeshusha usawa wa mafuta ndani ya dumu. Hapa tusichanganye vitu viwili. Mama ameona ujazo umepungua. Kuhusu tungamo hatujui lolote, kwa sababu hakupima kilo kule Singida. Mama, ulipima?

#10 MamaAlizeti
Asanteni sana. Hapana, sikupima kilo. Kule tunanunua kwa dumu, ukiona limefika shingoni unalipa.

#11 FundiMizani
Hapo ndipo kidonda kilipo. Mwizi anapunguza kilo. Baridi inapunguza lita peke yake, kilo zinabaki pale pale. Ungekuwa na kilo za Singida tungemaliza uzi huu leo. Bila kipimo cha mwanzo huna cha kulinganisha nacho.

Lakini pima sasa hivi hivyo. Madumu yote, moja moja, andika kila namba, hata ile unayoona haina maana. Pima na dumu tupu.

#12 Mkamuaji77
Mimi nina mashine ya kukamua, ila sio Singida. Ticha yuko sahihi nusu. Yapo mambo mengine matatu ambayo darasani hayapo.

Kwanza povu. Mafuta yakishuka kwa nguvu ndani ya dumu yanabeba hewa. Unaona limejaa, kumbe juu ni povu na ndani kuna vipovu vidogo kama vichwa vya sindano. Ukisubiri saa moja yanashuka yenyewe.

Pili, dumu lenyewe. Plastiki ikiwekewa mafuta ya moto inalegea, tumbo linatoka nje. Weka rula ubavuni utaona halilali sawa. Likipoa na tumbo lile lile, mafuta yanakuwa na nafasi kubwa zaidi kuliko mwanzo. Usawa unashuka hata kama mafuta yenyewe yasingesinyaa.

Tatu, mashapo. Mafuta ambayo hayajachujwa vizuri yanaweka tope chini. Hilo halishushi usawa sana ila mteja wako analiona, na wewe umelilipia kwa bei ya mafuta.

Sisi wateja wetu wa kudumu tunawaambia waache mafuta yalale siku mbili kwenye pipa ndipo wachukue. Wengi hawana muda, gari linasubiri.

#13 Kibo10
Kwa hiyo anayeiba ni mwenye mashine! Anauza ya moto, mteja anafika na pungufu.

#14 Mkamuaji77
Mkuu, mbona unatafuta mwizi kwa nguvu? Mwenye mashine anajaza dumu hadi shingoni mbele ya mteja. Wengi hata hawajui kwamba mafuta ya moto ni mepesi. Ila nakubali hasara ipo na inamwangukia mnunuzi. Lita 20 za nyuzi 60 zikipoa hadi 20 ni kama lita 19.4. Kwa madumu 12 ni zaidi ya lita saba. Sio pesa ndogo.

#15 Nyuki_Tabora
Ndiyo maana sisi wa asali tulihama kutoka dumu kwenda kilo. Watu wengi wanadhani lita 20 ni kilo 20. Ni kilo 20 kama ni maji! Dumu la lita 20 la asali nzuri ni kilo 28 hivi, kwa sababu lita moja ni kama kilo 1.42. Nimeona vijana wanakubali "bei ya kilo" halafu wanahesabiwa dumu kuwa kilo 20. Wanapoteza kilo nane kila dumu huku wakishukuru.

Na asali yenye maji mengi ni nyepesi. Dumu langu likija pungufu ya kilo 28 kwa ujazo ule ule, naanza kuuliza maswali.

#16 Mfugaji_Njombe
Naunga mkono #15, ila natoa tahadhari. Densiti inaweza kukudanganya.

Kituo cha maziwa tunatumia laktomita, kifaa cha kupima densiti ya maziwa. Maziwa mazima yanasoma kati ya 28 na 32, yaani lita moja ni kilo 1.028 hadi 1.032. Mtu akiweka maji inashuka, tunamrudisha. Akaja mmoja, maziwa yake kila siku 30 safi kabisa, lakini ukiyatikisa kwenye kikombe cha bati hayashiki ukutani, na yana ubluu fulani. Kumbe alikuwa anaengua krimu kwanza. Krimu ni nyepesi, ukiitoa maziwa yanakuwa mazito, laktomita inapanda. Halafu anaongeza maji, inashuka. Mambo mawili ya makosa yanakutana katikati na namba inatoka nzuri. Tulimgundua tulipopima mafuta ya maziwa yenyewe.

Kwa hiyo mama, hata kilo zikitoka sawa, hakikisha hakuna aliyeweka maji. Maji ni mazito kuliko mafuta, akichota mafuta akarudishia maji kilo zitapanda badala ya kushuka.

#17 MamaAlizeti
Mungu wangu, hilo la maji sikuliwaza. Naangaliaje?

#18 Mfugaji_Njombe
Rahisi. Chukua mpira mwembamba unaoona ndani, ziba juu kwa kidole gumba, uzamishe hadi chini kabisa ya dumu lililotulia, achia kidole, uhesabu hadi tano, ziba tena, vuta. Maji kama yapo yatakuwa chini, mpaka wake na mafuta unaonekana kabisa.

#19 Mvita_Kwetu
Salamu kutoka Mombasa. Huku mtungi wa mafuta ya nazi ndio mtihani wenyewe. Nazi inaganda ikifika kwenye nyuzi 24 hivi, na ikiganda inajikunja katikati inaacha shimo kama la faneli. Bibi yangu alikuwa akiuza kwa kibaba, na hakukubali kupima asubuhi ya kipupwe mpaka ameyaweka juani yakayeyuka yote. Wateja walimwona mgumu. Kumbe alikuwa anawatendea haki, kibaba cha iliyoganda na cha iliyoyeyuka si kitu kimoja.

#20 Ujiji_Mwandiga
Mawese pia. Kigoma ukiacha dumu likae, juu yanabaki maji maji mekundu, chini yanakuwa mazito kama uji. Ukimuuzia mtu wa kwanza anapata ya juu, wa mwisho anapata ya chini. Lazima ukoroge kwanza.

#21 Kinondoni_B
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Kwa hiyo ni kweli tujaze petroli asubuhi kabla jua halijawaka? Petroli inatanuka zaidi ya mafuta ya kula nasikia.

#22 FundiMizani
Inatanuka zaidi kweli, nyuzi kumi ni karibu asilimia moja. Lakini tangi la kituo limefukiwa ardhini, joto la huko halibadiliki kati ya asubuhi na mchana. Unachojaza saa kumi na mbili na saa nane ni karibu kile kile.

#23 MamaAlizeti
Nimerudi. Nimepima jana jioni na leo asubuhi.

Mizani ni ya saa, ya kuning'iniza, nimeazima kwa jirani anayeuza viazi. Madumu 11 yamesoma kati ya kilo 19.6 na 20. Moja limesoma 18.7. Dumu tupu nililokuwa nalo ndani limesoma 1.2. Maji hakuna, nimezamisha mpira madumu yote 12, chini kuna tope jembamba tu kama unene wa sarafu. Mwanangu ana kipimajoto cha kuokea keki, asubuhi mafuta yalisoma nyuzi 16, Ticha ulipatia!

#24 TichaKemia
Safi sana mama. Tukitoa dumu, kilo halisi kwa yale 11 zitakuwa wastani wa 18.637, ukigawa kwa 0.9227 ni lita...

#25 FundiMizani
Ticha simama hapo. Hiyo 18.637 umeitoa wapi? Mizani ya saa ya sokoni mistari yake ni gramu 200. Huwezi kuwa na gramu 7 kwenye mizani isiyoona hata gramu 100. Andika 18.6 uishie hapo, na hata hiyo 6 ina mashaka. Wanafunzi mnawakatia maksi kwa jambo hili hili.

Mama, swali muhimu. Kabla hujaning'iniza kitu, mshale ulikuwa unaonyesha wapi?

#26 TichaKemia
Nimekubali kosa, kikokotoo kilinibeba. Kilo 18.6.

#27 MamaAlizeti
Nimeenda kuangalia sasa hivi. Mshale bila kitu umesimama kwenye mstari wa kwanza, sio kwenye sifuri!

#28 FundiMizani
Nilihisi. Dumu tupu la kilo 1.2 ni zito mno. Mizani yako inaongeza gramu 200 kwa kila kitu. Kwa hiyo madumu 11 ni 19.4 hadi 19.8, lile moja ni 18.5, na tupu ni 1.0. Ukitoa tupu kosa linajifuta lenyewe, kwa hiyo uzito wa mafuta haubadiliki. Kosa la mshale lina tabia hiyo, linasogeza kila namba upande mmoja kwa kiasi kimoja. Lingine baya zaidi ni springi iliyochoka, ambayo kilo 1 inaisoma vizuri lakini kilo 20 inaikosea. Tafuta jiwe la kilo 5 au 10 lenye muhuri wa Wakala wa Vipimo, lining'inize, tuone.

#29 MamaAlizeti
Mwenye duka la pembejeo amenipa la kilo 10. Limesoma 10.2. Kwa hiyo ni ile 200 tu?

#30 FundiMizani
Kwa kilo 10, ndiyo. Kwa kilo 20 tunakisia, ila naiamini sasa.

#31 TichaKemia
Basi naendelea kwa adabu. Madumu 11 yana mafuta kilo 18.4 hadi 18.8. Kwa nyuzi 16 hizo ni lita 19.9 hadi 20.4. Mama, uliuziwa lita 20 na unazo lita 20! Ulichokiona kikishuka ni ile ziada iliyokuwa juu ya alama, kwa sababu dumu likijaa hadi mdomoni linabeba zaidi ya 20. Pima utaona, jaza tupu maji mpaka mdomo, kilo za maji ndizo lita.

Na hesabu yangu ya #5 ilikuwa kwamba dumu lililojaa shingoni kwa mafuta ya nyuzi 55 litabeba kilo 18.6. Ndicho ulichokipata. Kwa hayo 11 kijana hana kosa.

#32 Kibo10
Na la 12?

#33 TichaKemia
La 12 lina kilo 17.5, ambazo ni lita 19. Linapungua lita moja na zaidi kuliko wenzake. Baridi haiwezi kuchagua dumu moja.

#34 Kibo10
Nilisema mimi!

#35 Msafirishaji_Kati
Umesema madumu yote 12, mkuu. Soma #2 yako tena. Halafu kuna kuvuja. Mama, mfuniko wa hilo dumu ukoje? Sakafu ya gari ilikuwa na mafuta?

#36 MamaAlizeti
Nimeenda kulitazama kwa tochi. Mfuniko umefungwa, ila ukipitisha kidole chini ya ukingo wake kuna mafuta yamekauka yananata, na mstari mmoja umeshuka ubavuni hadi nusu ya dumu, umeshika vumbi jekundu. Madumu mengine pia yana mafuta mafuta shingoni lakini si mstari namna hiyo. Gari lilishaoshwa Jumatano, sakafu siwezi kujua.

Nimejaza maji dumu tupu hadi mdomoni kama Ticha alivyosema. Ukitoa kilo moja ya dumu, maji ni kilo 21.3.

#37 Mkamuaji77
Mstari mmoja wa vumbi sio lita nzima. Lita ikivuja utaona dumu zima limelowa. Mimi naona hilo dumu halikujaa tangu mwanzo. Mwisho wa kazi mafuta yanaisha kwenye pipa, wanajaza povu.

#38 MamaAlizeti
Lakini nilisimama pale! Niliona limefika shingoni.

#39 Mkamuaji77
Povu nalo linafika shingoni, dada yangu. Hasa dumu la mwisho. Unakumbuka lilikuwa la ngapi?

#40 MamaAlizeti
Sikuyaandika namba.

#41 Magamba_Lushoto
Nimefuatilia uzi huu tangu juzi na umenikumbusha Erasto Mpemba. Mwaka 1963 akiwa mwanafunzi Magamba walikuwa wanatengeneza aiskrimu, yeye akaweka maziwa ya moto kwenye friza bila kusubiri yapoe, yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Alipouliza darasani aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha. Baadaye akiwa shule ya Mkwawa alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu Dar es Salaam mbele ya wanafunzi wenzake, wakamcheka, lakini Osborne akaenda kulijaribu. Mwaka 1969 wakachapisha kwa pamoja.

Mpaka leo maelezo ni mengi: maji ya moto yanapungua kwa mvuke, hewa iliyomo inatoka, mizunguko ya ndani kwa sababu ya tofauti ya densiti, na mengine. Mwaka 2016 watafiti Burridge na Linden huko Uingereza walirudia wakasema hawajaona ushahidi wa kutosha, na wakaonyesha kwamba kusogeza kipimajoto juu au chini kidogo tu ndani ya chombo kunaweza kubadilisha jibu.

Sasa mama, kipimajoto ulikiweka wapi? Juu au katikati ya dumu?

#42 MamaAlizeti
Kwa juu tu, ni kifupi.

#43 Magamba_Lushoto
Yenye joto huwa yanapanda, ya baridi yanashuka. Juu 16, chini huenda ni 14. Haibadilishi hesabu ya Ticha sana, ila ni vizuri ukoroge kwanza.

#44 Form2_Dodoma
Shikamooni. Ticha hapo juu anaita densiti. Sisi shule ya msingi tuliandika msongamano. Lipi sahihi? Na tungamo na uzito si kitu kimoja?

#45 TichaKemia
Marahaba. Msongamano na densiti utayakuta yote vitabuni, mimi natumia densiti kwa sababu msongamano mtu anafikiria foleni ya magari. Tungamo ni wingi wa kitu, gramu na kilo. Uzito ni nguvu ambayo dunia inakivuta, hiyo ni nyutoni. Sokoni tunaita vyote uzito na tunaelewana, kwenye mtihani usithubutu.

#46 Geita_Nyarugusu
Sisi wa dhahabu tunaishi kwa hiyo densiti. Kipande unakipima hewani, halafu unakining'iniza ndani ya maji unapima tena. Dhahabu safi gramu 19.3 inapungua gramu moja tu ikiwa majini. Ikipungua zaidi ina fedha au shaba ndani. Lakini maji yakiwa na kipovu kimoja kimenata kwenye kipande, jibu limeharibika na umepoteza hela. Povu sio jambo dogo, #37 asikilizwe.

#47 TichaKemia
Mama, nakuomba jaribio moja la mwisho, hasa kwa ajili ya Kibo10. Chukua chupa ya soda ya kioo. Sufuria la maji ya moto, usiweke plastiki wala usipashe mafuta kwenye moto moja kwa moja. Weka chupa ndani na mafuta yako, yakifika nyuzi 55 jaza mpaka mdomo kabisa, ziba, iache hadi asubuhi. Kijana hatakuwepo, barabara haipo, Katesh haipo.

#48 MamaAlizeti
Nimeifanya jana usiku. Nilijaza chupa mpaka mafuta yakavimba juu ya mdomo, nikafunika kwa nailoni na mpira, nikaiweka juu ya kabati nikalala. Sikulala vizuri.

Asubuhi shingo ya chupa imebaki tupu. Nimepima kwa rula, sentimita nne na ushee. Vidole viwili vinaenea. Nimekaa naitazama ile chupa nikilia.

Nimempigia kijana akaja, nimempa ujira wake wote na nimemwomba radhi mbele ya mume wangu. Alichukua pesa, akasema "asante mama", hakusema kingine.

#49 Msafirishaji_Kati
Ubarikiwe mama. Hiyo simu wengi hawaipigi.

#50 Mkamuaji77
Vizuri sana. Ila kwa haki ya hoja, chupa ya kioo haitoi tumbo. Kwa hiyo jaribio limeonyesha mafuta yanasinyaa, halijaonyesha kwamba tumbo la dumu halikuchangia. Ungejaza dumu moja maji ya moto na kulinganisha ungejua.

#51 TichaKemia
Tumbo linaweza kuongeza, nakubali. Ila hesabu ya kilo imetosheleza bila tumbo.

#52 Mkamuaji77
Imetosheleza kwa sababu umekisia nyuzi 55. Nani alipima joto kule mashineni? Mashine yangu mafuta yanatoka ya moto kuliko hapo. Ukianza na 65 unahitaji maelezo tofauti.

#53 Kibo10
Kuhusu yale 11 nimekubali na nimejifunza. Kijana anisamehe. Ila la 12 sijasikia jibu. Watu watatu wamesema vitu vitatu.

#54 FundiMizani
Wanne. Mimi nina la kwangu. Mama, ulipotoa uzito wa dumu tupu ulitumia dumu moja kwa yote 12. Madumu hayatoki kiwanda kimoja. Mengine ni mepesi, mengine ujazo wake ni mdogo, ukijaza hadi shingoni linaingia pungufu bila mtu yeyote kuiba. Ligeuze hilo la 12 ulinganishe alama ya chini na mengine.

#55 MamaAlizeti
Nimeliinamisha. Kumi na moja yana alama ya duara chini. Hili lina pembetatu, na ukilibonyeza ubavuni linabonyea kuliko yale.

Mteja anakuja kuchukua madumu mawili kesho saa tatu. Nitamimina hili kwanza kwenye ndoo safi, nilipime likiwa tupu, halafu nilijaze maji mpaka mdomo. Nitaweka namba hapa.